Miji Aliyoitoa Subilaga

Usingizi haubishi hodi. Unamkuta Subilaga jikoni, Jumamosi mchana, mvua ya Tukuyu inatwanga bati, maharage yanatokota mekoni, moduli ya Huduma ya Kichungaji imefunguka mapajani pake, na macho yake yanapanda na kushuka juu ya mstari uleule mmoja: mchungaji humtazama mtu usoni na kumwita kwa jina lake. Swali la mstari huo alishalijibu zamani, akalituma seminari kwa simu, na mwalimu wake, ambaye hamjui ila kwa sauti, akamrudishia maneno matamu: dada Subilaga, umejibu kama mchungaji aliyekomaa. Siku ile alicheka, kisha akaona haya. Maana katika mji huuhuu anamopika na kulala yumo mtu mmoja ambaye hajawahi kumtazama usoni wala kumwita kwa jina, tangu aolewe, na ndiye anayempikia kila siku. Baba mkwe wake.

Ni mwiko, na Wanyakyusa wanaoshika ya wazee wanao hadi leo. Mke hamwoni baba wa mumewe. Akimsikia anakuja njiani, anaingia migombani. Mzee akikatiza uani, mke anajifunika khanga hadi apite. Chakula mzee anapelekewa na binti yake mwenyewe, na jina lake halipiti kinywani mwa mkwe hata kwa bahati mbaya. Kwa hiyo Subilaga anavijua visigino vya mzee, anakijua kikohozi chake, anaijua sauti yake ikiwa upande wa pili wa ukuta, na zaidi ya hapo hamjui. Na kesho, mbele ya kanisa zima, ndani ya mto Kiwira, anatakiwa kumbatiza.

Lilikujaje jambo hili? Zoezi la mwisho la masomo yake ya masafa ni kubatiza, mchungaji wa kanisa akiwa kando anasimamia. Amelifanyia mazoezi kitandani na mumewe Lwitiko, anamlaza chali na kumwinua, anamlaza na kumwinua, hadi Lwitiko akasema, mke wangu, mgongo huu haukuandikishwa seminari. Alidhani atapewa vijana wa kwaya. Lakini kwenye kikao cha washirika mzee alisimama, Subilaga akajifunika na kutazama sakafu, akamsikia akisema: Ndugu zangu, nimeokoka. Aliyenifundisha ni mke wa mwanangu. Yeye anasoma kwa sauti jikoni, mimi nimekaa nyuma ya ukuta naota jua. Yeye anasoma kwa masafa, na mimi nimesoma kwa masafa. Anizamishe yeye. Kama si yeye, nitabaki mkavu. Kanisa likacheka, likalia, likapiga kura kama Wabaptisti wapigavyo, kila mshirika mkono mmoja, wa mchungaji hauzidi wa anayefagia. Hoja ikapita, mikono juu. Wa Subilaga ulibaki chini ya khanga.

Jana wifi yake Tumpale, aliyekuja kuchukua chakula cha baba yake, alimsimamia mlangoni. Wifi, utamshika kiuno baba yangu? Subilaga akachochea moto. Utasema jina lake hadharani, ee? Ngozi itakutoka mabaka, meno yatakudondoka kama punje, mimi simo. Subilaga akasema, wifi, chukua bakuli, ugali unapoa. Akasema kwa ukali, lakini maneno ya wifi hayajamtoka, na sasa kidole chake kiko juu ya karatasi, juu ya mstari uleule, mchungaji humtazama mtu usoni, mchungaji humtazama mtu, mchungaji humtazama, na kila anapourudia mstari unarefuka, unavuka ukingo wa karatasi, unapita juu ya goti lake, unatoka nje ya mlango, unakuwa njia. Subilaga anainuka na kuifuata.

Njia ni nyeusi kama wino na imelowa. Kushoto kwake ni weupe, kulia kwake ni weupe, kama ukungu wa Rungwe asubuhi, ila ukungu huu hausogei. Anatembea. Hajui anakokwenda lakini anajua kwamba asipofika, kesho haitakuja. Mbele yake mtu anakohoa. Miguu yake, iliyozoea, inaruka pembeni, na pale inapotua panakuwa njia nyingine. Anaifuata hiyo. Mbele tena mtu anakohoa, miguu inaruka, njia nyingine inazaliwa. Anakohoa, anaruka. Anakohoa, anaruka. Akigeuka nyuma anaona njia zimetapakaa kama mizizi ya mgomba uliong'olewa, zote nyeusi, zote amezizaa yeye kwa kukimbia, na hakuna hata moja inayofika mahali.

Kwenye njia panda amesimama mtu. Amevaa koti la mvua na gambuti, ameshika mwavuli uliofungwa ingawa kunanyesha, na chini ya kofia hana uso. Pana ngozi tu, laini kama yai lililomenywa. Subilaga haogopi, anashangaa kwa nini haogopi. Anamwuliza: Wewe nani? Mtu anasema: Mimi ni yule uliyeniacha bila uso. Subilaga anamwuliza: Njia ya mtoni ni ipi? Mtu anasema: Ni ile usiyoizaa. Subilaga anasema: Bwana, mimi nina mtihani kesho, sema kama watu wanavyosema. Mtu anaugonga mwavuli chini. Kitendawili!

Na Subilaga, mtoto aliyelelewa vizuri, anajikuta anajibu: Tega.

Namlisha kila siku, uso wake siujui.

Jibu linamjia papo hapo, zima, na jina la mzee juu yake. Limekaa juu ya ulimi wake kama kaa la moto. Anafumba mdomo. Anajua, na yule mtu anajua kwamba anajua, na ukungu wote unajua. Subilaga anasema: Nimeshindwa. Mtu anasema: Nipe mji. Hiyo ndiyo sheria, ukishindwa unatoa mji, hata watoto wanaijua. Subilaga anasema haraka: Chukua Kyela. Mtu ananyoosha mkono, na Kyela inakuja, na mpunga wake na joto lake, inapita kati yao kama gari la mizigo, inaingia kwenye mwavuli na kwisha. Palipokuwa na ukungu sasa pana mji wa vioo. Kuta vioo, milango vioo, hata barabara kioo, na watu wamejaa ndani yake wanauza na kununua, lakini wote wamempa mgongo. Anamzunguka mwanamke mmoja ili amwone usoni, na kumbe upande wa pili nako ni mgongo. Anajitazama kwenye ukuta. Anauona mgongo wake mwenyewe, na fundo la khanga kisogoni.

Anamwambia yule mtu: Nimekupa mji, sasa toa jibu, ndiyo desturi. Anayepewa mji huenda, akala, akanywa, akarudi akasema jibu. Mtu anasema: Kula nimekula. Jibu ni lako. Kitendawili! Tega. Namlisha kila siku, uso wake siujui. Nimeshindwa. Nipe mji. Chukua Mbeya, na soko lake na milima yake. Mbeya inaingia kwenye mwavuli. Mji wa vioo unaongezeka ghorofa. Kitendawili! Subilaga anasema: Wewe hushibi? Mtu anasema: Nitashibaje chakula cha mtu asiyenitazama? Kitendawili! Na Subilaga anatoa miji, anatoa Iringa, anatoa Songea, anatoa miji aliyoisikia redioni tu, na kila mji unaokwenda migongo inazidi, njia zinazidi, hadi anafika kwenye mji ambao hataki kuutoa, na mdomo wake unautoa. Chukua mji wa seminari.

Huo hajawahi kuuona. Ameufanya kwa mawazo, miaka yote ya masomo, akiwa anachambua maharage: lango, miti, ukumbi, yeye mwenyewe ndani ya joho, akiitwa kwa jina lake. Sasa mji ule unasimama mbele yake, mzuri kuliko alivyouwaza, na yule mtu anasema: Ingia uuone kabla sijaumeza. Anaingia. Madarasa yote yako wazi, na walimu ni sauti tupu, zimetundikwa ukutani kama makoti. Sauti zinamwuliza maswali na yeye anajibu. Agano Jipya, anajibu. Historia ya kanisa, anajibu. Kuhubiri penye msiba, anajibu, na sauti zinaguna kwa furaha, na Subilaga anakua, anagusa dari, anajisikia anaweza kusimama mbele ya maaskofu wa dunia nzima na kuwaambia kaeni chini. Kisha ile sauti anayoijua, ya mwalimu wake, inasema: Dada Subilaga, mchungaji humfanyaje mtu? Anajibu kwa nguvu: Humtazama usoni na kumwita kwa jina lake! Makoti yanapiga makofi. Vizuri sana, inasema sauti. Basi tuoneshe.

Nje, upande wa pili wa ukuta, mtu anakohoa.

Subilaga anatafuta mlango wa nyuma. Upo, mlango wa nyuma huwa upo, na anapoufungua anamkuta yule mtu asiye na uso ameketi kizingitini kama anaota jua. Mtu anasema, bila kelele safari hii: Kitendawili. Subilaga anasema: Sina mji tena. Mtu anasema: Umebakiwa na mmoja. Anaelekeza mwavuli, na kule mbali Subilaga anaona moshi, anaona bati lililopigwa na mvua, migomba, Lwitiko anafunga kamba ya ng'ombe, watoto wanakimbizana na tairi, na jiko, na ukuta wa jiko. Mtu anasema: Toa huo, na hutaulizwa tena. Hutamwona, hutamtaja, hakuna atakayekucheka. Kesho mtoni mwachie mchungaji. Utafaulu hivyohivyo, karatasi ni karatasi.

Hapo ndipo hasira inapompanda. Inaanzia kwenye nyayo, inapita magotini, inafika kifuani. Subilaga anasema: Nisikilize, wewe yai. Nimesoma kwenye moshi hadi macho yakawa mekundu wakaniita mlevi. Nimesoma mtoto mmoja mgongoni na mwingine tumboni. Wameniita mchungaji wa simu, wameniita seminari ya jikoni, na nikasoma. Unadhani nilisoma ili nije nikupe nyumbani kwangu kwa sababu ya woga? Mji huo sitoi. Ondoka kizingitini, nipite. Mtu anasema: Unakwenda wapi? Subilaga anasema: Kwenye kikohozi.

Na anakwenda. Kikohozi kinatoka mbele, miguu inataka kuruka, anaikaza. Kinatoka tena, karibu zaidi, naye anakwenda. Kila hatua anayopiga kuelekea sauti ile, nyuma yake njia moja inajikunja na kufa. Zinajikunja zote, zile alizozizaa kwa kukimbia, zinarudi kuwa moja, nyembamba, ya udongo, inayonuka majani ya chai na mavi ya ng'ombe, na mwisho wake ni mto.

Kiwira inakwenda kwa kelele. Kanisa lote limesimama ukingoni, mikono juu, kama vile kura ile haijakwisha kuhesabiwa. Migongo hakuna tena hapa, nyuso zote zinamtazama. Tumpale yuko mbele, ameshika kiuno. Wifi, anasema, bado unaweza kurudi. Subilaga anavua kandambili. Wifi, meno yako! Subilaga anasema: Yakidondoka utanitafunia wewe, na kicheko kinavunja ukingo mzima, hata Tumpale anacheka, anaziba mdomo kwa mkono. Katikati ya maji amesimama mzee, vazi jeupe, amempa mgongo. Subilaga anaingia. Baridi inampanda kama sindano, magotini, kiunoni, na chini mawe yanateleza. Anasimama nyuma ya mzee, karibu kuliko alivyowahi kusimama. Anasema: Baba, geuka.

Mzee anasema: Siwezi, mwanangu. Unadhani ni wewe tu uliyefungwa? Mimi nimeishi kwa kukuhepa. Sijawahi kuingia uani bila kukohoa kwanza, ili upate nafasi ya kujificha usiaibike. Watu wanasema kifua changu kibovu. Kifua changu kizima. Ile ilikuwa hodi. Nimekupigia hodi miaka yote hii, na hapakuwa na wa kuniambia karibu.

Subilaga anataka kulia na hana muda wa kulia, maji yanavuta. Anafungua mdomo. Jina linakataa. Limekaa mno bila kutumika, limeota mizizi kooni, na anapolivuta linapanda na maumivu, herufi baada ya herufi, na ukungu kule juu unaanza kupasuka, na yeye analisukuma kwa pumzi yote ya miaka yote ya kusoma kwa sauti, analitoa, analipiga juu ya mto kama ngoma: Asegelile! Milima inalirudisha. Asegelile Mwakatobe, baba yangu, geuka nikuone!

Anageuka. Ana uso. Una nyusi moja imekuwa nyeupe na nyingine imekataa kuzeeka. Una kovu dogo chini ya jicho la kushoto, limepinda kama kucha. Una mdomo wa Lwitiko, uleule kabisa, ila una pengo mbele, na mdomo ule unatabasamu huku unatetemeka kwa baridi. Subilaga anautazama, anautazama tena, hashibi. Mabaka hayamtoki. Meno yake yote yamo. Anasema kwa sauti ambayo hata ukingo wa pili wanaisikia: Asegelile Mwakatobe, unamwamini Yesu Kristo kuwa Bwana na Mwokozi wako? Mzee anasema: Namwamini, na wewe ndiye uliyeniambia. Anamshika mgongoni, anamshika mikono iliyokunjwa kifuani. Kwa ungamo la imani yako nakubatiza, kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu. Anamlaza. Maji yanamfunika. Na hapo jiwe linateleza chini ya mguu wake, uzito wote wa mzee unamwelemea, mto unamchukua, unamvuta kule kwenye kina, na ukingoni mtu anapiga yowe. Subilaga hamwachii. Anapiga goti kwenye mawe, anajikita, anapitisha mkono wa pili chini ya mabega yake, anaita tena lile jina, sasa limelainika, sasa ni lake, na anamwinua. Anamwinua Asegelile Mwakatobe kutoka Kiwira, mzima, anayetema maji na kupiga kelele haleluya kama kijana, na vigelegele vinalipuka, na kutoka chini ya maji miji inatoka pamoja naye, Kyela na mpunga wake, Mbeya na milima yake, Iringa, Songea, mji wa seminari na makoti yake yote yanaimba, yote inapanda juu inatiririka, inarudi kila mmoja mahali pake, na vioo vyote vimekuwa maji, na maji yanakwenda.

Anafumbua macho. Moshi. Maharage yananuka kuungua. Moduli imeanguka kwenye majivu, mvua imekatika, na mwanga unaoingia mlangoni huenda ni wa jioni, huenda ni wa asubuhi. Nguo yake imelowa hadi kifuani. Goti linamwuma, analigusa, limechubuka. Nje, kule barabarani, kanisa linaimba, na anatega sikio apate kujua kama wimbo unakwenda mtoni au unatoka mtoni, na hawezi kujua, wimbo ni uleule. Tumpale anapita uani amebeba vazi jeupe mkononi. Subilaga anamwita: Wifi, hilo vazi limekauka au limelowa? Tumpale anasema: Mchungaji umeanza maswali yako, na anakwenda zake anacheka.

Kisha nje ya ukuta mtu anakohoa.

Khanga iko begani. Mkono wa Subilaga unaipata, unaishika, na unaiacha. Mlangoni pamesimama mzee, ameinamisha kichwa kwa sababu ya kizingiti, na anapokiinua nyusi moja ni nyeupe na nyingine imekataa kuzeeka, na chini ya jicho la kushoto pana kovu dogo, limepinda kama kucha. Mtu hawezi kuota kovu asilowahi kuliona. Au anaweza. Subilaga anasimama juu ya goti lake linalouma, na kama huku ni kuamka au ni ndoto nyingine, hataki kungoja aambiwe.

Karibu ndani, baba yangu, Asegelile, anasema. Maharage yameungua kidogo, lakini tutakula.